Kadari si Pazia la Kufichia Ugonjwa

Mmoja katika wenzetu wa darasa ametuuliza: mtoto akizaliwa na ugonjwa uliomo katika ukoo, je, kumpima na kumtibu si kutoridhika na kadari ya Mwenyezi Mungu? Na je, si afadhali wazee wakalisitiri jambo hilo, watu wasije wakakataa kuoa kwao? Suali hili si dogo, kwani mwenye kudhurika kwa jawabu mbaya ni mtoto asiyeweza kujisemea. Basi twapenda kulieleza kwa mfano.

Upo ugonjwa uitwao homosistinuria, ulioelezwa mwaka 1962 na madaktari wa Belfast, Ayalandi ya Kaskazini. Nyama, samaki, mayai na maziwa vina kitu kiitwacho methionini. Mwili hukigeuza kikawa homosisteini, kisha huigeuza hiyo nayo ikawa kitu cha manufaa. Mwenye ugonjwa huu amezaliwa na upungufu katika kazi hiyo ya pili, na homosisteini hujaa katika damu. Kwa mtu mwenye afya kipimo chake kwa kawaida hakipiti mikromoli 15 katika lita moja. Kwa mgonjwa asiyetibiwa huweza kupita 100. Ikizidi hivyo huudhuru ukuta wa ndani wa mishipa, damu ikaganda pasipotakiwa, na kijana akapatwa na kiharusi hali babu yake angali mzima. Lenzi ya jicho nayo huteguka, mifupa hudhoofika, na akili huweza kuchelewa.

Mtoto huurithi kwa baba na mama pamoja, nao wenyewe huwa wazima wala hawajui walichonacho. Kila mimba yao ina fungu moja katika manne la kuzaa mgonjwa. Basi mume anayemlaumu mke kwa mtoto huyo amemdhulumu, kwani nusu ya sababu imetoka kwake. Na ndoa za jamaa huzidisha khatari hii. Katika Qatar, kwa Waislamu wenzetu, imekadiriwa kuwa mtoto 1 katika kila 1,800 huzaliwa nao. Hatusemi kuwa ndoa ya binamu ni haramu. Twasema kuwa halali haizuii mtu kuuliza.

Na dawa ipo. Karibu nusu ya wagonjwa hufaidika kwa vitamini B6. Wengine huhitaji chakula chenye methionini kidogo na dawa nyingine kwa amri ya daktari. Ayalandi imewapima watoto wachanga tangu mwaka 1971, na waliotibiwa mapema wakashika chakula chao wameokoka na mengi katika madhara hayo.

Sasa tumrudie mwenye kutaja kadari. Homa ikimshika hununua dawa, wala hasemi kuwa ameikataa kadari. Nahodha naye hulitia chombo chake kalafati kabla ya kutweka tanga, kisha humtegemea Mungu, wala hapana aliyemwambia kuwa imani yake ni pungufu. Basi mbona kadari hutajwa tu pale penye aibu? Kwa hakika anachokiogopa mtu huyo si Mungu, bali ni macho ya watu.

Kusitiri ni tabia njema, lakini kuna mipaka. Hatutaki khabari za mgonjwa zitangazwe barazani. Lakini kumficha daktari, au kumficha yule anayekuja kuoa katika nyumba hiyo, si sitara. Ni khiyana, na madhara yake yatawafika wasiozaliwa bado. Na kumvisha mtoto hirizi huku damu yake yaganda ni kumwacha aangamie mbele ya macho yetu.

Kuridhika na kadari ni kwa yale yaliyokwisha kupita na yale tusiyoyaweza. Ama tunaloliweza, nalo pia ni kadari, na tutaulizwa tulilifanyia nini. Na Mwenyezi Mungu ndiye mponyaji.