Siri ya Nyumba Aibebe Nani?

Tumelelewa katika mila isemayo kwamba ya nyumbani hayatoki nje. Mila hiyo ina uzuri wake, maana kijiji ambacho kila neno la chumbani husemwa kisimani hakikaliki. Lakini napenda tuulizane: baba anapompiga mama usiku, na kijana wao wa kidato cha pili akasikia yote nyuma ya ukuta, je, naye ana wajibu wa kuitunza siri hiyo?

Wengi husema, "Mtoto mwenyewe hakuguswa." Neno hili si la kweli. Kijana huyo hukaa macho hadi saa nane usiku, akisikiliza hatua za baba kama ni za mtu aliyelewa. Asubuhi mwili uko darasani, masikio bado yako nyumbani. Mlango ukibamizwa, anashtuka. Hesabu aliyoifahamu juzi, leo haimo kichwani. Tumbo linamwuma kila mara, na zahanati haioni ugonjwa. Wako wanaotoroka shule wakamlinde mama, nao huitwa wavivu. Wengine hugeuka wakali wakawapiga wenzao. Hao hujulikana upesi, tena huchapwa viboko, yaani dawa ni ileile iliyowaletea maradhi. Nilipokuwa nikifundisha walimu chuoni, niliwaambia wawatazame zaidi wale watiifu kupita kiasi, wanaofuta ubao bila kutumwa na kuomba radhi kwa kosa lisilo lao. Katika ripoti huandikiwa "tabia njema sana", basi hakuna awaulizaye neno.

Yuko atakayenijibu kwamba mtoto ameamriwa kuwaheshimu baba na mama, na kuyatoa yao nje ni kuwavunjia heshima. Hoja hii si ndogo. Ndiyo inayowafunga vijana vinywa. Lakini sitara ni haki ya aliyeumizwa. Mkono uliopiga waidai kwa haki gani? Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Wala si jambo la nyumba moja au mbili: katika uchunguzi wa afya wa kitaifa wa mwaka 2015-16, wanawake 40 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamepata kupigwa tangu walipofikia miaka 15.

Hata hivyo simwambii kijana akatangaze. Huo si mzigo wa mtu wa miaka 15. Ni wetu sisi watu wazima, ambao mara nyingi tumekwisha kujua. Mwalimu asimhoji mbele ya wenzake. Amwite kando, aanze kwa kumwuliza kama amelala vizuri, kisha anyamaze amsikilize. Wala asimwahidi kwamba hatamwambia mtu yeyote, maana huenda ikambidi kwenda Dawati la Jinsia na Watoto kituoni polisi, au kupiga namba 116, ambayo ni ya bure kwa ajili ya watoto. Na jirani je? Kuta zetu ni nyembamba, naye amesikia. Akichukua mwenzake wakaenda kubisha hodi, hata kwa kisingizio cha kuomba chumvi, atakuwa amefanya zaidi ya yule aliyeongeza sauti ya redio.