Mwambangoma Nyuma ya Kanisa

Januari moja nilitaka kuukata mwambangoma ulio nyuma ya kanisa letu hapa Turbo. Haukuwa na jani hata moja, na shoka nilikuwa nimeshaliazima. Mzee mmoja wa kanisa akaniambia, "Pasta, hebu ngoja kidogo." Haukupita mwezi, mti ukawa mwekundu mzima, maua matupu, na chozi wakigombania asali yake.

Mti hupotezea maji yake mengi majanini. Kiangazi kikikaza, mwambangoma huyaacha majani yaende, ukaishi kwa akiba ya shinani na mizizini. Mti wa tebeswet nao huyageuza yake rangi ya chungwa kabla ya kuyaangusha. Ayubu aliijua miti ya namna hii. Katika sura ya 14 anataja kisiki ambacho mizizi yake imezeeka ardhini, lakini kikisikia tu harufu ya maji huchipuka tena.

Ningeweza kuishia hapo, niwaambie mvumilie kama mwambangoma, tuimbe, twende nyumbani. Lakini mti mzima huvumilia kwa kuwa mizizi yake ilishashuka zamani, wakati mvua ilipokuwa ikija kwa miadi. Mche hauna mizizi hiyo. Mvua ya Machi ikichelewa, mche hukauka ilhali mama yake amesimama kando akichanua. Ndiyo maana kichaka cha miti ya asili kinaweza kupendeza macho miaka mingi, kumbe hakina watoto.

Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili ipande miti. Nasi tulipanda, tukapiga picha. Mnajua wenyewe kwamba huku kwetu Desemba hadi Februari ni jua tu, na hakuna aliyerudi na maji. Ilibaki miche sita.

Vijana nao ni kama miche hiyo, nami ndiye niliyekuwa nikiwauliza wale wanaotoweka ibadani, "Mbona wazee wenu wamesimama?" Nisameheni kwa swali hilo.

Siku hizi watoto wa shule ya Jumapili huinywesha ile sita kabla ya nyimbo, kila mmoja na kopo lake. Wanahitaji mtu mzima wa kuwatekea. Na kamba ya kisima haifiki tena majini. Aliye na ndefu zaidi ailete Jumapili.