Kwaya Humwimbia Nani?

Kwaya ya kanisa huimba mbele ya watu, ilhali wimbo wenyewe humwelekea Mungu. Hapo ndipo huzuka swali lililojadiliwa tangu karne za mwanzo za Ukristo: waimbaji wachache waliofundishwa wanapoimba na waumini wengine wakasikiliza, je, hiyo ni sala ya kanisa zima au ni burudani iliyovishwa joho? Kila jibu lililowahi kutolewa limeamua pia nani aimbe, aimbe nini, na kiongozi wa wimbo awe na mamlaka gani.

Maandiko yenyewe yana pande mbili. Kitabu cha Kwanza cha Mambo ya Nyakati, sura ya 25, kinaeleza jinsi Daudi alivyowatenga wana wa Asafu, Hemani na Yeduthuni kwa huduma ya uimbaji. Hesabu ya waliofundishwa na wenye ustadi ilikuwa 288, na zamu zao zilipangwa kwa kura, bila kumbagua mkubwa na mdogo, wala mwalimu na mwanafunzi. Ustadi unatambuliwa waziwazi, ila haumpi mwenye nao nafasi ya mbele. Kwa upande mwingine, nabii Amosi anatangaza kwamba Mungu amechoshwa na kelele za nyimbo za watu wanaopotosha haki. Wimbo mzuri hauitakasi jamii yenye dhuluma.

Agustino wa Hippo alilichukua swali hilo hadi ndani ya nafsi ya msikilizaji. Katika kitabu cha kumi cha Maungamo, mwishoni mwa karne ya 4, anakiri kwamba kuna nyakati ambapo sauti ilimgusa kuliko maneno yaliyoimbwa, na hilo analihesabu kuwa kosa. Hata hivyo anakumbuka machozi aliyoyatoa aliposikia nyimbo za kanisa siku za mwanzo za imani yake, naye anaishia kuukubali uimbaji kwa sababu unainua mioyo iliyo dhaifu. Mashaka yake hayakumalizika. Aliamua tu kwamba faida inazidi hatari.

Katika karne hiyohiyo, kanuni ya 15 ya Mtaguso wa Laodikia iliwaruhusu kuimba kanisani waimbaji rasmi pekee, wanaopanda mimbarini na kusoma kitabuni. Lengo lilikuwa utaratibu, ingawa kanuni hiyo ilimwacha muumini wa kawaida kimya. Wanamatengenezo wa karne ya 16 waligawanyika. Zwingli, ambaye mwenyewe alikuwa mwanamuziki hodari, aliuondoa uimbaji katika ibada za Zürich. Luther alitaka watu wote waimbe, lakini hakuivunja kwaya: mwaka 1524 aliandika dibaji ya kitabu cha nyimbo za sauti nyingi kilichotungwa na Johann Walter, na kwa njia hiyo kwaya ikawa mwalimu wa kuwazoesha waumini nyimbo mpya.

Kanisa Katoliki lilifika kwenye jibu linalokaribiana na hilo kwa njia ndefu. Mwaka 1903 Papa Pius wa Kumi alifundisha kwamba mwanakwaya anashika wadhifa wa kiliturujia, na kwa msingi huo akawazuia wanawake kuwa sehemu ya kwaya. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulihimiza kwaya ziendelezwe, ukasisitiza kwamba waumini wote washiriki, na ukaagiza muziki wa jadi wa watu wa nchi za misioni uthaminiwe. Maelekezo ya mwaka 1967 yakazitambua kwaya zenye wanaume na wanawake.

Afrika Mashariki, agizo la kuthamini muziki wa jadi lilikuta watu waliokwisha kuanza kazi. Padre Stephen Mbunga wa Tanganyika alikuwa ametunga Misa Baba Yetu, na mwaka 1963 alichapisha kitabu kuhusu sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Kwa upande wa Walutheri, mmisionari Howard Olson alikusanya nyimbo zenye mahadhi ya Kiafrika akiwa katika chuo cha theolojia cha Makumira, Tanzania. Nyimbo nyingi za aina hiyo hufuata mpangilio wa kiongozi na waitikiaji: mmoja huanzisha, wengine hupokea. Kiitikio kifupi hushikwa na mtu asiye na kitabu, tena baada ya kukisikia mara moja au mbili. Mpaka kati ya kwaya na waumini unalegea katika muundo wa wimbo wenyewe.

Swali hili halikomei kanisani. Katika Maulidi ya Homu ya Zanzibar, waimbaji hujipanga safu, huitikia kwa pamoja na kuyumba kwa mwendo mmoja. Wanazuoni wa Kiislamu nao wamejadili kwa karne nyingi uhalali wa sauti tamu katika kumkumbuka Mungu. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kwamba usikilizaji hauingizi moyoni kisichokuwamo, huchochea kilichomo. Kwa hoja hiyo, hukumu ya wimbo hutegemea pia hali ya anayeimba na anayesikiliza.

Hali hiyo huandaliwa zaidi kwenye mazoezi kuliko siku ya ibada. Katika kwaya nyingi za Tanzania na Kenya, mwalimu hufundisha sauti moja baada ya nyingine. Besi hurudia mstari wao kwa do, re, mi kabla ya kutia maneno, na wengine husubiri kimya. Kisha huongezwa sauti ya tatu, ya pili na ya kwanza. Makosa yanayosumbua zaidi huhusu uhusiano wa sauti: mwenye sauti nzito anawafunika wenzake, au kwaya isiyo na kinanda inashuka kidogokidogo hadi ubeti wa nne unaimbwa chini kuliko wa kwanza. Dawa ni ileile, kusikiliza. Mwanakwaya asiyemsikia jirani yake anaimba kwa nguvu kupita kiasi. Penye neno refu, waimbaji hupumua kwa kupokezana ili sauti isikatike, na hivyo wimbo hubebwa na pumzi ambayo si ya mtu mmoja.

Nidhamu hii ina thamani ya kimaadili, lakini haitoshi kuifanya kwaya kuwa ibada. Bendi ya jeshi inayo pia. Mtume Paulo anatoa kipimo kingine katika Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 14: anataka kuimba kwa roho na kwa akili pia, kisha anauliza asiyeelewa atawezaje kuitikia amina. Kwa kipimo hicho, kwaya huimba kwa niaba ya waumini pale ambapo wao wanaweza kuupokea wimbo na kuufanya wao. Wakiimba kwa midomo au wakikaa kimya wakifuata maneno, wanashiriki. Wakibaki kupima sare na madoido, wamekuwa watazamaji, hata kama waimbaji wenyewe wanasali kwa dhati.

Hapo ndipo wajibu wa mwalimu wa kwaya unapoonekana. Mamlaka yake ni ya kweli, kwa kuwa watu hamsini hawawezi kuanza pamoja pasipo ishara ya mmoja. Ila mamlaka hayo yana mpaka. Huchagua wimbo unaofaa somo la siku, hata kama upo mwingine unaoonyesha vizuri uwezo wa kwaya. Huhakikisha maneno hayamezwi na vyombo wala vipaza sauti. Huacha nyimbo zinazojulikana mikononi mwa waumini wote. Mwanakwaya mwenye sauti ya kawaida humpa nafasi, kwa kuwa huduma haikuanzishwa kwa ajili ya hodari peke yao.

Kipimo hicho hutoa mwanga hata kwenye mzozo wa makofi na vigelegele. Makofi ya kuisifu kwaya huugeuza wimbo kuwa onyesho, ilhali kigelegele kinachopanda katikati ya kiitikio huweza kuwa amina ya asiyeshika nota yoyote. Kwa hiyo hakuna kanuni moja ya kuruhusu au kukataza shangwe ibadani. Kila usharika hulazimika kutazama zinamwelekea nani.