Tawakali na Tasnifu

Chukwani, kusini mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kipo chuo kikuu kilichoanza mwaka 1998 kikiwa chuo cha elimu, na leo kinaitwa kwa jina la Abdulrahman Al-Sumait, daktari wa Kuwait. Alisomea udaktari Baghdad, akaendelea Liverpool na Montreal, akabobea katika maradhi ya tumbo. Kazi ilishamnyookea. Akaiacha, akaingia katika hisani barani Afrika hadi alipofariki mwaka 2013.

Kwa mwanafunzi wa uzamili ambaye sura ya pili ya tasnifu imerudi tena kutoka kwa msimamizi ikiwa imejaa wino mwekundu, na nyumbani anaulizwa ajira lini, maisha ya daktari huyo yanazua maswali mawili mazito. Ikiwa riziki imeshaandikwa, mipango ya kazi ni ya nini? Na anayekosa usingizi kwa kuiwazia kesho, je, imani yake imepungua?

Swali la kwanza lina jibu la zamani. Katika Hadithi aliyoipokea Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kutawakali. Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Juhudi ni ya mja, matokeo si yake. Hata istikhara, swala ya kumwomba Mungu mwongozo, huswaliwa na mwenye jambo la kuamua, wala haimwondolei wajibu wa kufikiri.

La pili ndilo linaloumiza zaidi, na hapo mwanazuoni Ghazali anasaidia kuliko wengi. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mkuu wa madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, alivutana na nafsi yake karibu miezi sita: abaki kwenye cheo au aondoke? Mwenyewe ameeleza kwamba ulimi ulimgomea darasani na chakula kikawa hakipiti. Matabibu wakasema maradhi yameanzia moyoni. Nani atathubutu kumwita mtu huyo haba wa imani? Aliondoka, na mwaka 1106 akarudi kufundisha, safari hii Nishapur.

Wala mwanafunzi wetu hayuko peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowahoji zaidi ya wanafunzi 2,200 wa uzamili na uzamivu kutoka nchi 26, ulikuta takriban wanne katika kila kumi wakiwa na dalili za wasiwasi wa kiwango cha kati hadi kikali.

Lakini Unguja, ukitaja Kidongo Chekundu, hospitali ya magonjwa ya akili, wengi husikia kichaa, na mgonjwa hujificha. Kusomewa Qur'ani kuna nafasi yake, lakini dini hiyohiyo imeamrisha kutafuta tiba. Msimamizi anaporudisha sura, amuulize mwanafunzi kama analala. Na wazee nyumbani waliweke kando suala la ajira hadi tasnifu ikabidhiwe.