Kosa ni la Nani?

Yapo makosa ambayo ofisi huyapa jina haraka sana, na yakishapata jina hakuna anayeuliza tena. Nataka kusimulia moja la namna hiyo, kwa sababu mkono wangu umo.

Mwaka 1996 nilikuwa katika ofisi moja jijini Dar es Salaam. Wapigachapa wote walitumia kompyuta za Windows na programu ya WordPerfect, waliyoizoea tangu walipoachana na taipureta. Mimi nilirithi Macintosh iliyobaki baada ya mradi wa wafadhili kumalizika, nikaipenda mno. Sina budi kukiri pia kwamba ilinipa kiburi kidogo kuwa na mashine ambayo hakuna mwingine aliyeijua. Wenzangu waliponiomba nijiunge nao, nilijibu kwa maneno makubwa: kila mtu na kalamu yake, kinachotakiwa ni maandishi.

Hoja ile si ya kupuuzwa, na hata leo naamini nusu yake. Ofisi inayolazimisha chombo kimoja hujifunga kwa muuzaji mmoja. Tena chombo kimoja si kinga: Word ya 1997 ilipotoka, maandishi yake hayakufunguka katika Word ya 1995 bila kuongezewa kifaa cha kuyageuza. Jina moja, kampuni moja, na bado watu wakashindwa kusomeana.

Lakini kalamu si disketi. Wino mweusi na wa buluu husomwa kwa jicho lile lile. Disketi iliyotayarishwa kwa Macintosh, kompyuta ya Windows haikuweza kuisoma. Na badala ya kukiri kwamba haiijui, ilidai kuwa disketi haijatayarishwa, kisha ikauliza kama itayarishwe sasa hivi. Kutayarisha maana yake ni kufuta. Macintosh yangu, kwa upande wake, iliweza kusoma disketi za wenzangu na kuandika humo. Daraja lilikuwapo, basi, na aliyeweza kulivuka ni mimi peke yangu. Lingenigharimu dakika mbili. Nililijua hilo.

Jumatatu moja nilimwachia mama mpigachapa mkuu disketi yenye ripoti ya kurasa arobaini, nikaenda zangu mkutanoni. Nakala nyingine haikuwapo, maana nafasi ndani ya mashine yangu ilikuwa imejaa. Niliporudi nilimkuta amesimama mlangoni.

"Mashine iliniuliza, baba," akasema, "nami nikaijibu ndiyo."

Swali lenyewe lilikuwa la Kiingereza, na pale kwetu mpigachapa alizoea kuitikia ndiyo kila aulizwapo na mkubwa. Alikaa jioni tatu akichapa upya kutoka katika karatasi zangu za rasimu, zenye mwandiko ambao hata mimi hunishinda. Juma lililofuata alipewa barua ya onyo kwa uzembe. Mkuu wa idara aliniuliza kama nina la kusema. Nikasema sina.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mashine yangu ilikuja mgeni, na mwenyeji akaugua. Nimejiuliza mara nyingi: kosa ni la aliyebonyeza kitufe, la aliyetunga swali la hila kiasi kile, au la aliyejua na asiseme? Tofauti ya vyombo ina gharama yake, na gharama hiyo haipotei kwa sababu tu mwenye kuileta haioni. Huteremka ngazi hadi imfikie asiyeweza kumtuma mwingine. Ndiyo maana siwaamini sana wanaosifu uhuru wa kuchagua chombo kabla sijajua kazi ya kugeuza maandishi wamemwachia nani.

Mengi yamebadilika. Mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zinazomwuliza mtu maswali kwa Kiswahili. Mwaka 2006 muundo wa ODF, ambao programu hizo za OpenOffice zilikuja kuutumia, ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa, ili maandishi yasiwe mateka wa kampuni moja. Nilizipokea habari zote mbili kwa furaha, kisha nikamkumbuka yule mama. Alistaafu mwaka 2003. Barua ya onyo ilikuwa bado imo katika jalada lake, na jina langu halikutajwa humo popote.