Kondoo na Watu wa Tinde

Msafiri atokaye Nzega hufika Tinde, mahali njia zinapoachana: moja yaenda Shinyanga na Mwanza, nyingine Kahama, hata kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Ni wachache wajuao kwamba hapo Tinde, tangu mwaka 1934, palifanywa jaribio lililodumu miaka 18.

Vijidudu vya malale vilitolewa kwa mgonjwa, vikachukuliwa na ndorobo hadi kwa kondoo, na kwa ndorobo wengine hadi kwa kondoo wengine, mara nyingine hata kwa swala. Kila baada ya muda ndorobo hao waliachwa wawaume watu, Waafrika waliojitolea, ili ijulikane kama vijidudu vimepoteza nguvu ya kumdhuru mwanadamu. Havikupoteza. Watu walioambukizwa walitibiwa. Kondoo mwenye ugonjwa huo huvimba uso, hukonda, hufa. Tena katika Shinyanga hiyo hiyo, miaka ya 1940, wanyama wa porini walipigwa risasi kwa maelfu, ionekane kama ndorobo watakufa kwa kukosa damu.

Hatusemi kwamba waliofanya hayo walikuwa wakatili. Malale yaliwamaliza watu, na mama aliyemwona mwanawe akisinzia mchana kutwa asingewalilia kondoo. Katekisimu ya Kanisa ya mwaka 1992 yakubali majaribio juu ya wanyama, yakiwa na kiasi na yakisaidia kuponya watu. Lakini yafundisha pia kwamba kuwatesa au kuwaua bure hakupatani na heshima ya mwanadamu. Uzito wote umo katika neno hilo, bure. Je, kondoo wa kumi alifundisha jambo ambalo wa tisa hakulifundisha? Mtaalamu asiyejiuliza hivyo hana tofauti na mtoto amng'oaye panzi miguu ili aone ataendaje. (Na mzazi amwonaye mtoto huyo akacheka, ana kosa lake.)

Kwa mwanadamu neno ni zito zaidi. Mnamo Septemba 1952 Baba Mtakatifu Pio XII aliwaambia madaktari kwamba hata mgonjwa mwenyewe si bwana wa mwili wake, bali mtunzaji tu. Hawezi kuutoa kwa jaribio lolote lile. Basi kusema "alijitolea" hakutoshi. Alielezwa nini, na kwa lugha gani? Mkulima aliyeitwa na daktari wa serikali ya kikoloni, je, alikuwa na nafasi ya kukataa? Twaona si ajabu kwamba hofu ya mumiani ilikaa sana mioyoni mwa wazee wetu.

Siku hizi utafiti wa tiba nchini wahitaji kibali cha kamati ya maadili, na anayeshiriki ana haki ya kuuliza na ya kujitoa wakati wowote. Lakini haki isiyojulikana haimsaidii mtu. Ninyi akina baba na akina mama, mkiombwa mtoto wenu aingizwe katika jaribio la dawa, msikimbie, wala msitie sahihi kwa haraka. Ulizeni dawa hiyo imekwisha jaribiwa kwa nani, yaweza kudhuru namna gani, na mtoto akidhurika nani atamtibu. Wazazi wa Korogwe na Bagamoyo waliokubali watoto wao washiriki katika majaribio ya chanjo ya malaria, yaliyoanza mwaka 2009, wametusaidia sisi sote. Nao waliombwa kwanza, wakaelezwa, ndipo wakatia sahihi.