Bomba Baridi Halishiki Kioo

Wahenga walinena: Udongo uwahi ungali maji. Sisi walimu tumeushika mno usemi huo, hata twamtazama mwanafunzi peke yake: je, yu laini, yu tayari kufinyangwa? Ni mara chache twajiuliza kama chombo kitakachomgusa ki tayari pia.

Na tuwatazame mafundi wa kupuliza kioo, kama wale wa Kitengela, kusini mwa Nairobi, wafanyao bilauri na mapambo kwa vioo vilivyokwisha tumika. Kioo tanuruni huwa na joto lipitalo digrii 1,000 za Selsiasi, nacho huvutika kama asali. Hata hivyo, mwanagenzi haanzi kwa kupuliza. Hufundishwa kwanza kuipasha moto ncha ya bomba lake la chuma hata ianze kuwa nyekundu. Akichovya bomba baridi, kioo hupoa ghafula pale kinapokigusa chuma, kisishike. Au kikashika kwa udhaifu, kisha kikapasuka na kuanguka. Bomba nalo likizidi moto, kioo huteleza. Kwa hiyo hutakiwa kiasi.

Kioo kikianguka, alaumiwe nani? Bila shaka si kioo.

Hapa Rusizi, tuliyoizoea kwa jina la Cyangugu, mtoto huja darasani na Kiswahili alichokiokota sokoni Kamembe, au kwa jamaa watokao Bukavu, ng'ambo ya mto. Mwalimu aingiapo baridi, neno lake la kwanza huwa "Umekosea!" Mtoto hunyamaza, nasi twaandika kwamba ni mzito wa lugha. Kumbe yafaa tumsikilize kwanza, tuyajue maneno aliyo nayo, ndipo tumwongoze kwenye Kiswahili sanifu. Wala tusimsifu kwa kila kosa, maana hilo nalo ni bomba lililozidi moto.

Huenda mwenzetu akasema: muda ni mfupi, na tangu Kiswahili kilipofanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, kazi imeongezeka. Ni kweli. Lakini fundi naye tanuru lake lawaka, na bado husubiri, kwa kuwa ajua kwamba arukaye hatua hiyo ataanza upya.

Kwa hiyo twaona kwamba kujiandaa si hisani tumfanyiayo mwanafunzi. Ni haki yake. Kioo hakiwezi kulipasha bomba moto. Awezaye ni yule aliyelishika.